Ukweni Sepuka, na Pimamaji Mkononi

Nimeoa Singida miaka mingi bila kufika Singida. Mahari ilipelekwa na wazee wangu kutoka Tanga, harusi ikafanyika Dar es Salaam, na kila mwaka safari ya kwenda kumsalimia mama mkwe ilipigwa kalenda na ada za shule. Kilichonipeleka Sepuka hatimaye ni simu. Mama alitoka usiku kwenda msalani, akateleza kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akavunjika kifundo cha mkono. Kwenye kundi la familia la WhatsApp watoto wake walichanga, wakabishana, wakachanga tena, mpaka shemeji yangu mkubwa akaandika: "Fundi tunaye ndani ya ukoo, tunahangaika na nini?"

Fundi ni mimi. Riziki yangu ni kukarabati nyumba za watu Mbagala na Kigamboni. Wengine walitaka mama aletwe Dar, yaishe. Mwenyewe hakutaka hata kusikia. Dar alishakwenda, alisema, akashinda ndani ya geti bila mtu wa kumpa shikamoo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema jambo hilohilo kwa lugha ya serikali: mzee atunzwe na familia yake, katikati ya jamii yake, na makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Haisemi familia hiyo ifanye nini na ngazi za mlango wa nyuma.

Ilikuwa Julai. Mke wangu alinifungia sweta mbili na koti, nikamcheka. Kwa mtu wa pwani, baridi ni habari ya Njombe na Makete; Singida ninayoisikia mimi ni alizeti, kuku wa kienyeji na ukame. Nikaweka sweta chini ya begi, juu yake pimamaji, futi kamba, na kipimajoto kidogo cha ukutani ambacho mteja mmoja aliwahi kunipa. Hicho nilikichukua bila sababu ya maana.

Treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu Julai 2024, ilinishusha kabla usingizi haujanitoka. Nikapanda basi la Singida. Baada ya Bahi na majaruba yake ya mpunga, nchi ni tambarare hadi Kintinku, kisha barabara inaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa. Huko juu, upande wa Manyoni, ndiko Sukamahela, mahali panapotajwa kuwa kitovu cha Tanzania. Sukamahela pia kuna makazi ya wazee ya serikali, mojawapo ya machache nchini. Nilikodoa macho dirishani nione majengo yake, hasa milango na ngazi, lakini dereva wetu alikuwa na haraka zake.

Mbele ya Manyoni nilianza kumwelewa mke wangu. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Hesabu hiyo mwili huipata kabla ya kichwa. Tena kuna upepo. Kwa miaka mingi Singida imekuwa ikitajwa kuwa mahali pa kujenga mitambo ya umeme wa upepo, na anayetaka kujua sababu asimame stendi ya Ikungi jioni ya Julai akinunua kuku. Upepo unatoka mashariki, mkavu, hauna matone wala harufu, na hauachi. Nilifungua begi palepale kati ya matenga ya kuku na madumu ya mafuta ya alizeti, nikavaa sweta zote mbili.

Vifaa tulinunua Singida mjini, mimi na shemeji: saruji, mbao za mbili kwa mbili, silingi bodi, mabomba ya chuma. Kijana wa kuchomelea alitukatia mabomba na kuyakunja kwa vipimo nilivyovikadiria kwa simu. Tukapakia kwenye Fuso, tukashika barabara inayokwenda Ndago na Kizaga. Njia nzima ni mawe: majabali makubwa ya mviringo yamekaliana juu ya mashamba, na chini yake mabua ya alizeti na mtama yaliyobaki baada ya mavuno. Ng'ombe wanatembea katikati ya vumbi lao wenyewe. Sepuka ni makao ya tarafa katika Wilaya ya Ikungi, ile iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012: maduka, mnada, bodaboda, mitambo ya kukamua alizeti. Kwa mama ni mbele kidogo ya hapo, ukishaacha barabara.

Boma lina nyumba mbili. Ya kwanza, inayotazama barabara, ndiyo waliyomjengea watoto: tofali za kuchoma, bati la bluu, madirisha ya vioo, sebule ya marumaru nyeupe, baraza ya ngazi tatu zenye nguzo za urembo. Ya pili iko nyuma yake, imejikunyata chini ya mti. Ni tembe, nyumba ya Wanyaturu ya tangu zamani, jamaa yake ipo pia kwa Wagogo na Warangi: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, mlango mfupi. "Hii tutaibomoa," shemeji aliniambia kabla sijauliza. "Mama anaing'ang'ania tu. Wageni wakija ni aibu."

Mama alitoka kwenye hiyohiyo. Alinipokea akiwa amejitanda shuka mbili, mkono umefungwa, macho chini. Nami nikainamisha yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika na baridi yako?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipopata ugumu ambao Mbagala haupo. Nilikuwa nimekuja kurekebisha chumba cha kulala, kitanda na choo cha mama mkwe, na mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Hata choo chake mkwe hakijui. Nyumba ya mteja ninaigeuza juu chini nikimuuliza anaamka mara ngapi usiku, anashika wapi akitaka kusimama. Kwa mama nisingeweza kuuliza lolote kati ya hayo, na yeye asingejibu. Jioni ile nililetewa kuku na firigisi yake, heshima yote ya mkwe, na sikujua hata kitanda chake kina urefu gani.

Msaada nilipewa na binti wa shemeji, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa likizo. Aliingia na futi kamba, mimi nikasimama nje ya dirisha nimegeuza mgongo, naandika. "Kitanda kwenda juu, sentimita thelathini na nane!" Kifupi mno, magoti ya mzee hayanyanyuki kutoka huko. "Mlango wa chumba, sabini!" Mwembamba. "Kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma?" Kimya, kisha sauti kutoka sebuleni: "Babu mdogo, napita kwenye marumaru na soksi, nateleza!" Alikuwa ameniita babu mdogo kwa utani, lakini kuhusu marumaru hakutania. Kutoka kitandani mama alipita sebule ya marumaru, akafungua mlango unaovutwa ndani, akashuka ngazi tatu zisizo na pa kushika, akapita pembeni ya zizi, ndipo afike choo cha shimo, achuchumae gizani. Safari hiyo huifanya usiku, na Julai huifanya mara nyingi zaidi, kwa sababu mwili uliopigwa baridi hukojoa sana. Misuli imekakamaa, vidole vimekufa ganzi, macho yametoka usingizini. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye umri uliozidi miaka 60. Mama alivunjika mkono. Alikuwa na bahati.

Usiku nililazwa kwenye nyumba ya bati, chumba cha wageni. Nikatundika kipimajoto changu kwenye msumari. Nilipoamka alfajiri kilisoma nyuzi 13, na pua yangu ilikubaliana nacho. Nyumba ile haina dari. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, bati hulirudishia anga joto lote kwa haraka, likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Asubuhi linadondosha matone upande wa ndani. Matundu ya hewa, ambayo mafundi tumezoea kuyaweka kuta zote kwa ajili ya joto la Dar, yalikuwa yameelekezwa mashariki kabisa kwenye upepo. Mlango mkubwa nao unatazama mashariki, kwa kuwa barabara iko huko.

Mama hakulala humo. Tangu aanguke alikuwa amerudi kwenye tembe, na familia ilidhani ni ukaidi. Nilimpa binti kipimajoto akakining'iniza kwa bibi yake usiku uliofuata. Asubuhi alikileta akiwa amekifunika kwa kiganja, eti joto lisitoke. Humo ndani alikuwa amekisoma kwanza: 19.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu nyumba na afya, wa mwaka 2018, unapendekeza ndani ya nyumba wakati wa baridi kusipungue nyuzi 18, na wazee wahitaji zaidi ya hapo. Uliandikwa ukiwafikiria zaidi watu wa nchi za theluji, wanaotumia mabilioni kuzuia joto lisitoke ukutani. Hapa nyumba ya aibu ilikuwa imefaulu na nyumba ya fahari imefeli. Udongo mnene wa ukuta na paa hunywa jua mchana kutwa, kisha huliachia taratibu usiku. Mlango wa tembe unatazama magharibi, umeupa upepo mgongo. Waliojenga ya bati walitazama barabara.

Sikusema hivyo kwenye kikao cha familia, maana wachangaji walikuwa wakisikiliza kwa simu. Nilisema tu kwamba tembe haibomolewi.

Haikupokelewa vizuri. Shemeji mmoja, yuko Mwanza, alisema kwa sauti ya juu kwamba hawakuchanga ili mama arudi kwenye udongo. Ana hoja pia, kwa sababu tembe ina maovu yake na sitaki kuipamba. Mlango ulikuwa unamlazimisha mama kukunja mgongo na kuinua mguu juu ya kizingiti kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata mimi lilinishinda siku niliyochungulia. Moshi wa kuni hauna pa kutokea. Macho mekundu ya wazee wa tembe si ya uzee peke yake. Masika paa linavuja. Tena kulikuwa na jiko la mkaa. Binti alinieleza kwamba usiku wa baridi kali bibi huliingiza ndani na kufunga mlango, asubuhi anaamka kichwa kinamgonga. Hapo niliacha adabu za ukwe kidogo, nikamwambia shemeji amweleze mama leo hii, kabla hatujagusa hata mbao moja: mkaa uliofungiwa ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, nayo huua mtu akiwa usingizini. Kila msimu wa baridi nyanda za juu tunasikia familia zilizokutwa zimekufa na jiko katikati yao. Mama alijibu kupitia kwa mwanawe kwamba jiko litalala nje, lakini fundi atengeneze pa kutokea moshi wa kuni, kwa sababu kuni hawezi kuacha.

Ndivyo tulivyokubaliana, na kwa kweli ni mama aliyeamua: kiangazi cha baridi analala kwenye tembe, masika anahamia kwenye bati. Nyumba mbili kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tulipaswa kutengeneza zote mbili, na njia iliyo kati yake.

Mlango wa tembe ndio nilioufurahia kuliko kazi yote. Nilikuwa na hofu ya kukata ukuta, nikidhani paa litashuka. Mzee mmoja wa jirani akanionyesha kwa fimbo yake: paa halikukaa ukutani. Limebebwa na nguzo zenye panda, ndani ya nyumba, juu ya panda magogo, juu ya magogo fito, kisha udongo. Ukuta ni wa kuzuia upepo na fisi tu. Unaweza kuutoboa unavyotaka na paa likabaki limetulia. Tukaupanua mlango hadi sentimita 90, tukaunyanyua, tukaondoa kizingiti na mahali pake tukaweka mteremko mdogo wa udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa. Chini ya ubao wa mlango nikapigilia kipande cha mpira wa tairi kuziba upenyo. Karibu na jiko la kuni, upande wa magharibi, tukaacha tundu la moshi lenye kifuniko cha kuvuta kwa kamba.

Nyumba ya bati ilipata dari kwanza chumbani kwa mama, na chumba chenyewe tukakihamisha. Alikuwa amepewa kile cha mashariki kwa sababu ni kikubwa. Tukampa cha pembeni, kaskazini-magharibi: Julai jua liko upande wa kaskazini, na jioni linaupiga ukuta ule mpaka tofali zinapata moto wa kutosha kuanzia usiku. Matundu ya hewa ya mashariki tuliyaziba, ya magharibi tukayaacha wazi. Kuna aliyeshauri tujaze makapi ya alizeti juu ya dari yazuie baridi. Nilikataa, makapi ni chakula cha panya na ni petroli ya moto. Marumaru sikuzing'oa, zingevunja mioyo ya wachangaji, ila nilimwaga njia ya saruji iliyokwaruzwa kutoka chumbani mpaka mlango wa nyuma, na mlango nikaugeuza ufungukie nje ili mzee akianguka nyuma yake asiuzibe.

Ngazi tatu zilikuwa na kimo cha sentimita 45. Kwa kipimo cha mteremko tunachokifuata, kila sentimita moja ya kupanda inadai 12 za kwenda mbele, kwa hiyo mteremko wa mama ni mita 5 na nusu hivi. Shemeji aliona ni mrefu mno, unafika karibu na zizi. Nikamwambia asukume toroli ya mchanga juu yake, kisha atafute mteremko mfupi asukume tena. Zege lilipoanza kushika tulilichora kwa ufagio wa fito, mistari ya kukata njia, ili mguu ushike hata ukiwa na umande.

Choo kilikuwa mgogoro wa mwisho. Nilitaka kiwe ndani, mlango kwa mlango na kitanda. Wajapani, ambao wana wazee wengi na mabafu baridi, wanajua jinsi mwili wa mzee unavyoshtuka ukitoka chumba chenye joto kwenda bafu la baridi na kuingia maji ya moto. Wengi hufa hivyo majira ya baridi. Mama alituma jibu fupi: halali na choo. Dada wa mke wangu aliyelileta alicheka mpaka akakaa chini. Basi tukakijenga nje lakini ubavuni mwa nyumba, chini ya paa moja, kwenye kijia kilichofunikwa chenye ukuta wa kukata upepo. Cha kumwaga maji, kinachoridhika na kopo moja au mawili, kwa sababu Sepuka maji hubebwa. Kina kiti cha kukalia na bomba la kushika pande zote mbili. Urefu wa kiti ulipimwa na dada huyohuyo, kwa kigoda na vipande vya mbao, na sikuambiwa ulivyopimwa. Nilipewa namba tu: 46.

Mabomba yalileta neno ambalo sikulitarajia. Asubuhi ya kwanza baada ya kufungwa, mama alishika la kwenye mteremko akaachia haraka. Chuma cha alfajiri ya Sepuka kinauma kiganja, na mtu asiyependa kukishika hatakishika. Mimi nilifikiria kamba ya katani, mazoea ya Tanga. Shemeji akaleta ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa. Akaikata kanda, akaizungusha kwenye bomba ikiwa mbichi, akashona kwa sindano kubwa upande wa chini ambako vidole havifiki. Ilipokauka ilijibana kwenye chuma, ngumu, yenye manyoya kidogo, haina baridi. Tuliyavisha yote ya nje, pamoja na lile refu linalounganisha nyumba mbili. Nimerudi Dar na wazo hilo na nimeshawaambia mafundi wenzangu, ingawa huku hatuna baridi ya kulihitaji.

Nilimwona mama akipita njia yake mara moja tu, kwa mbali, jioni, mkono mzima kwenye ngozi na ule uliofungwa kifuani. Hakusimama. Njia hiyo imelipiwa kwa michango ya watoto, si pensheni. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku bara pensheni ya mama ni watoto wake na kundi lao la WhatsApp, lililokuwa bado linabishana kuhusu picha za tembe nilizotuma.

Siku ya kuondoka, mzee jirani mwenye fimbo alikuja kukagua. Alipanda mteremko, akashuka, akaingia kwenye tembe bila kuinama na akatoka amekunja uso. Alisema mlango wa zamani ulikuwa mfupi kwa sababu: mwizi alilazimika kutanguliza kichwa. Sasa ataingia wima. Kisha akaniuliza bomba la msalani peke yake, bila mambo haya mengine, ni shilingi ngapi. Nikamwandikia namba ya kijana wa kuchomelea wa Singida. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akataka kujua kama ngozi imo humohumo kwenye bei au ng'ombe ni wa kwake.